Nisaidie na Chenji Yangu

Mwaka 1936 kulichapishwa kitabu kidogo cha kufundisha lugha, Up-Country Swahili. Mwandishi wake, F. H. Le Breton, hakukiandikia wewe wala mimi. Jina refu la kitabu linawataja wasomaji wake mmoja baada ya mwingine: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Yaani watu waliohitaji Kiswahili cha kumtuma mtu kazi. Kiswahili cha kumuuliza amelalaje, au cha kukaa naye chini mkapatana bei, hakikuwa haja yao.

Kiswahili cha watu hao kilikuja kuitwa Kisetla. Kuja hapa. Lete chai. Hapana sema. Ngeli zilitupwa, adabu ikatupwa pamoja nazo, kikabaki kitenzi cha kuamrisha. Upande wa pili wa mazungumzo ulikuwa mfupi zaidi: Ndio, bwana. Ndio, memsahibu. Mwanamume wa miaka 50 mwenye wake na wajukuu aliitwa "boi" na kijana aliyeshuka melini juzi, na jibu lilikuwa lile lile. Ndio, bwana.

Mimi nina dhana yangu kuhusu hili, na nitaisema wazi: miji yetu ya bara ilirithi Kiswahili chenye ngazi mbili tu. Ukiwa juu, unaamrisha. Ukiwa chini, unaomba. Ngazi ya katikati, pale watu wawili wanaambiana jambo wakiwa sawa, hatukuachiwa. Ilibidi tuijenge wenyewe, na bado tunaijenga.

Sisemi kila kitu kililetwa na mlowezi. Lugha zetu za nyumbani zimechangia, Sheng imechangia, na hiyo "kuja hapa" ina wazazi wengi. Lakini hebu sikiliza mtu wa Nairobi akiongea siku moja, asubuhi hadi jioni.

Asubuhi ndani ya matatu: "Konda, nisaidie na chenji yangu." Umetoa shilingi 200, nauli ni 80, na kutoa tulifunzwa tukiwa wadogo. Pesa ni yako. Kwani unasaidiwa na nini? Saa nne uko kwenye kaunta ya ofisi fulani: "Samahani, nilikuwa nataka tu kuuliza kama..." Swali ni la leo, umesimama hapo leo, lakini umelirudisha nyuma hadi jana ili lisimkwaze mtu. Ukiongeza "tu", umelipunguza tena. Saa saba uko kibandani na sauti imebadilika: "We, weka chapo mbili hapa." Jioni soja akichelewa kufungua geti, unapiga honi. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni nani aliye juu yake na nani aliye chini.

Halafu saa moja usiku, kwenye habari, barabara imebomoka, raia anawekewa kipaza sauti, naye anasema maneno ambayo sote tunayajua kabla hajafungua mdomo: "Tunaomba serikali iingilie kati." Serikali, saidia. Barabara ni ya kodi yake. Ni chenji yake, tena.

Ukishuka Mombasa, neno hilo hilo "naomba" lina uzito mwingine. Mtu akiketi akasema "naomba chai", hajajishusha. Anaagiza, na atalipa. Aliyeombwa naye hajapata ukubwa wowote. Ni adabu ya watu wawili wanaojuana kuwa ni watu. Kiswahili kina vyombo vingi vya namna hiyo. Sema "lete", na hakuna mtu ndani ya neno. Kuna kazi tu. Sema "niletee", na mimi nimeingia. Sema "uniletee", na sasa tuko wawili, wewe mwanzoni na mimi nyuma yako, ndani ya neno moja. Tia "hebu" mbele, na hakuna aliyepiga magoti. Wahenga walishasema heshima si utumwa. Shida ya bara ni kwamba vitu hivyo viwili vilifungwa pamoja kwa muda mrefu, tena kwa sheria.

Sheria ya Mabwana na Watumishi ilipitishwa mwaka 1906. Kwa sheria hiyo, kuacha kazi bila ruhusa hakukuwa ugomvi kati yako na mwajiri wako. Kulikuwa kosa la jinai. Kisha ikaja sheria ya kuwasajili Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kipande kikazaliwa. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kukibeba, chenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi zake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi kwamba umeachiliwa. Asipotia, wewe ni mtoro, na polisi watakutafuta.

Fikiria maana yake kwa ulimi wa mtu. Unataka kumwambia bwana kwamba mshahara haujatimia. Kabla hujasema, unakumbuka kikasha kilicho kifuani. Mtu akiishi hivyo miaka 20, atawafunza watoto wake nini kuhusu kuongea na wakubwa? Atawafunza kuishi. Atawaambia: punguza sauti, angalia chini, sema ndio. Nyanya zetu waliotwambia "mtoto mzuri hajibu" hawakuwa waoga. Walikuwa wameona.

Lakini pia kulikuwa na waliojibu. Harry Thuku alikuwa karani wa simu kwenye Hazina ya serikali ya kikoloni hapa Nairobi. Mwaka 1921 walowezi walitaka kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, kodi ya kibanda imepanda, kipande kimebana, na wasichana wanalazimishwa kufanya kazi mashambani. Yeye na wenzake wakakutana, wakaandika malalamiko yao, wakayatuma kwa simu ya maandishi moja kwa moja London, kwenye Wizara ya Makoloni. Hawakupitia kwa bwana aliyekuwa karibu. Kilichowaudhi wakubwa wa Nairobi, naona, ni pamoja na hiyo njia yenyewe: karani amemruka bosi wake akaongea na bosi wa bosi, tena kwa lugha iliyonyooka. Thuku akapoteza kazi. Akaendelea kuongea.

Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Kufikia tarehe 16 maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungiwa. Wajumbe wakatumwa kwa wakubwa wa serikali kumwombea aachiliwe. Wakarudi na jibu ambalo tumelisikia mara nyingi tangu siku hiyo: nendeni nyumbani.

Baadhi ya watu wakaanza kuondoka. Hapo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akasimama mbele, akainua nguo yake, akawaambia wanaume wachukue rinda lake na wampe yeye suruali zao. Kwa Wagĩkũyũ hilo halikuwa tusi la kawaida. Mwanamke mzima akijifunua namna hiyo, ni laana nzito. Umati ukageuka ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21. Wengine walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka.

Tunapenda kumkumbuka Nyanjiru kwa ile nguo. Mimi hukumbuka zaidi kilichotangulia. Alisikia "nendeni nyumbani" akaipima, akaona si jibu. Kuna ujasiri wa kupaza sauti, na kuna huu mwingine wa kutambua kwamba hujajibiwa.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, na kipande cha shingoni kilikuwa kimeshaondolewa. Ngazi zile mbili zilibaki. Bwana DC aliondoka, akaja mheshimiwa. Mwaka 1984 Rais Moi aliwaambia mawaziri wake, na kila mtu mwingine, waimbe kama kasuku: yeye akiimba, waimbe wimbo huo huo. Mwaka 1988 uteuzi wa wagombea ulifanywa bila kura ya siri. Watu walipanga mlolongo nyuma ya picha ya mtu wanayemtaka, chifu akiangalia. Kama ulikuwa hujui kwa nini wazazi wetu walishusha sauti wakitaja siasa hata ndani ya nyumba zao, sababu mojawapo ni hiyo.

Na katika mwaka ambao kasuku walikuwa wengi, 1989, Wangari Maathai aliandika barua.

Kulikuwa na mpango wa kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, makao ya gazeti la chama tawala, Kenya Times, pamoja na sanamu ya rais. Gharama ilikuwa takriban dola milioni 200, nyingi zikiwa za mkopo. Wangari hakuanza kwa maandamano. Alianza kwa kuuliza. Alimwandikia mkurugenzi wa Kenya Times: je, ni kweli? Akaandikia Ofisi ya Rais. Akaandikia Tume ya Jiji. Akaandikia mashirika ya Umoja wa Mataifa na balozi wa Uingereza, kwa sababu mshirika wa gazeti hilo alikuwa tajiri wa Uingereza, Robert Maxwell. Hoja yake ilikuwa rahisi: London wana Hyde Park, New York wana Central Park. Kule wangekubali?

Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo ile ngazi ya katikati inaonekana. Barua ile si amri, na wala si ombi la kusaidiwa. Ni swali la mtu anayejua kwamba bustani ni yake pia. Ina jina la anayeuliza na jina la anayeulizwa. Ikinyamaziwa, inafuatwa na nyingine, kwa mtu wa juu zaidi. Ni mbinu ya Thuku, miaka 68 baadaye.

Aliyoyapata tunayajua. Bungeni waheshimiwa waliacha hoja ya bustani wakajadili talaka yake. Mahakama ilitupa kesi yake tarehe 11 Desemba. Kesho yake, Jamhuri Day, rais alisimama katika bustani ile ile na kusema kwamba mwanamke mwema wa Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake, Green Belt Movement, likafukuzwa kwenye ofisi zake.

Ona hawakujibu nini. Wengi wao hawakujibu hoja ya bustani. Walijibu kuhusu sauti yake, ndoa yake, jinsia yake. Ukishauliza swali lako vizuri kazini au nyumbani, halafu mtu akaanza kuzungumzia "vile unaongea", kumbuka Jamhuri Day ya 1989. Swali limefika. Rudia swali. Usijibu kuhusu sauti.

Wafadhili walirudi nyuma, mradi ukafa, na Februari 1992 ua uliozungushiwa bustani ukaondolewa. Mwezi huo huo, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Monica Wamwere akiwa mmoja wao, walimpelekea Mkuu wa Sheria ombi wakitaka wana wao 52 waachiliwe. Aliwaambia waende nyumbani, serikali italiangalia. Wakasema sawa, watangoja. Watangojea Uhuru Park. Wakakaa pale, kona tunayoiita Freedom Corner, bila kula. Tarehe 3 Machi polisi walipowavamia kwa virungu, baadhi yao walivua nguo, kama Nyanjiru miaka 70 kabla yao. Kisha wakahamia kanisa la All Saints, wakangoja huko karibu mwaka mzima, hadi mwanzoni mwa 1993 wengi wa wana wao walipotoka. Hiyo "tutangoja" yao ni sentensi ya adabu kamili. Hakuna tusi ndani yake. Na haikusogea.

Walichokipigania kimeandikwa sasa. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa ofisi ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Juni 2024 kizazi chetu kilisoma Mswada wa Fedha, kikautafsiri, kikapata namba za wabunge na kuwapigia "salamu" usiku na mchana. Wengi walilipa kwa maisha yao ule mwezi, na sitajifanya kwamba kuongea kumekuwa salama. Lakini mtu aliyempigia mbunge wake akamuuliza "utapiga kura gani, na kwa nini?" hakuwa akiomba kusaidiwa.

Kwa hivyo mimi siamini kwamba kujiamini ni kipaji, ati wengine wamezaliwa na mdomo. Ni sarufi, na sarufi hufunzwa. Badala ya "nilikuwa nataka tu kuuliza", sema "nauliza". Badala ya "nisaidie na barua yangu", sema "nimekuja kuchukua barua yangu, tafadhali". Tafadhali ibaki, heshima si utumwa. Na anayekuletea chai mwambie "uniletee", ili naye awemo ndani ya neno.

Na kama uko na ofisi ambayo imekuzungusha muda mrefu, waandikie. Weka tarehe, weka jina lako, taja kifungu, baki na nakala. Hesabu siku 21. Zikiisha, mwandikie bosi wake.