Uwanja wa Michezo na Maji ya Mvua katika Mwala

Mtu atokaye mji wa Machakos akashika njia ya Kitui hupita nchi ya Mwala, akafika Wamunyu, na mwisho akavuka mto Athi. Kuume na kushoto huona vilima vilivyokatwa ngazi ngazi, na mgeni aweza kudhani kwamba ngazi hizo ziliumbwa pamoja na vilima vyenyewe. La, sivyo. Zilichimbwa kwa jembe, nazo zina historia yenye uchungu. Na katika historia hiyo mna jambo liwafaalo watu wanaojenga viwanja vya michezo siku hizi na kutandaza maegesho ya magari kando yake. Maana ardhi iliyoshindiliwa, iwe kwa kwato za ng'ombe au kwa magurudumu, hainywi maji.

Katika miaka ya 1930 Ukambani ilikuwa katika dhiki. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewawekea Wakamba mipaka ya kukaa ndani yake, na malisho mengine ya zamani, kama yale ya vilima vya Mua, yalikuwa yamekwisha kutwaliwa na walowezi. Ng'ombe wakabanwa mahali padogo. Kwato zao ziliipiga nchi hata ikawa ngumu kama sakafu, nyasi zikaisha, na mvua iliponyesha maji hayakuzama, bali yaliteremka kwa kasi, yakachimba makorongo na kuuchukua udongo mpaka mtoni. Katika mwaka wa 1937 mtaalamu wa udongo wa Serikali, Colin Maher, alitoa taarifa ya kuonya kwamba nchi hiyo ilikuwa ikigeuka jangwa.

Serikali ikaona kwamba dawa ni kupunguza ng'ombe, tena kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kukamatwa na kuuzwa kwa bei ndogo. Wakamba hawakukubali. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake, waliondoka makwao wakaenda Nairobi kumwona Gavana, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu; walakini kabla ya mwaka ule kwisha Serikali ilikuwa imeiacha amri yake ya kuuza ng'ombe kwa nguvu. Leo mtaa mmoja katikati ya Nairobi una jina lake, na wengi wapitao hapo hawajui kwamba habari yake ilianza kwa udongo na maji. Kwa maoni yangu, Serikali haikukosea katika kuutambua ugonjwa, maana makorongo yalikuwapo na kila mtu aliyaona. Ilikosea kwa kuwatibu watu bila kuwauliza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili yakaja matuta, nayo mwanzoni yalikuwa ya kulazimishwa. Watu walichimba kwa amri ya machifu, na matuta yenyewe yalikuwa membamba, hata mvua moja kubwa iliweza kuyabomoa. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, kazi ilipopitia katika mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya majirani kusaidiana kwa zamu katika mashamba yao. Wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake. Aina ya tuta iliyopendwa baadaye ikaitwa kwa Kiswahili chepesi «fanya juu». Mkulima huchimba mfereji kukata mteremko, aghalabu wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, na udongo autoao huutupa upande wa juu. Udongo ule huwa ukingo, majani hupandwa juu yake, na baada ya misimu kadhaa ya kulima shamba hujisawazisha lenyewe kuwa ngazi. Maji hukaa pale yaliponyeshea mpaka ardhi iyanywe.

Matokeo yake yaliwashangaza wataalamu. Katika wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo ndani yake ilikuwamo Makueni, watu waliongezeka kutoka yapata 240,000 katika miaka ya 1930 hata kufika 1,400,000 hivi mwishoni mwa miaka ya 1980. Na badala ya nchi kuharibika zaidi, mashamba yalitengenea. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliieleza habari hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1994.

Sasa tuje kwenye uwanja. Katika mji wa Machakos uko Uwanja wa Kenyatta, ambao serikali ya kaunti iliutengeneza upya ilipoanza kazi mwaka 1013 ukiongezwa 1000, yaani 2013. Na mwaka uo huo ulipokea michezo ya Kombe la Chalenji la nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Tarehe 17 Desemba 2017 fainali ya kombe hilo ilichezwa papo hapo: Kenya na Zanzibar zilitoka sare 2-2, na Kenya ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Siku kama hiyo ni furaha, nami sina neno juu ya furaha. Lakini uwanja hujaa siku chache tu katika mwaka, na maegesho yake hukaa matupu siku nyingi zaidi, ilhali ardhi yake imefungwa mwaka mzima.

Na tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Maegesho ya hekta moja yana mita za mraba 10,000, na huweza kuchukua takriban magari 350 pamoja na njia zake. Mvua ya milimita 30, ambayo katika Ukambani yaweza kunyesha kwa alasiri moja ya Novemba, humwaga hapo lita 300,000. Juu ya lami karibu zote hukimbia. Zikimkuta jirani wa chini, humchimbia korongo lile lile ambalo bibi yake alilifukia.

Jambo hili si la Ukambani peke yake. Katika mji wa San Diego, Marekani, ambao mvua yake ni haba kuliko hata ya Mwala, uwanja mkubwa ulifunguliwa mwaka 1967 bondeni kando ya mto, ukazungukwa na lami ya kuegesha maelfu ya magari. Mvua kubwa zilipokuja, mafuriko yaliingia. Mwaka 2020 chuo kikuu cha mji huo kilinunua mahali pale pote. Uwanja wa zamani ulibomolewa, mwingine mdogo zaidi ukafunguliwa mwaka 2022, na katika nchi iliyokuwa lami ukafuata mpango wa kujenga nyumba, madarasa, na bustani ndefu kando ya mto, ambamo maji ya mvua hupita polepole katika majani na udongo kabla ya kufika mtoni. Kazi hiyo ni ya fedha nyingi mno, na ingekuwa rahisi zaidi kama lami isingalitandazwa tangu mwanzo.

Siku ambapo Mwala itajijengea uwanja wake, haitahitaji fedha za San Diego. Mfereji mmoja wa fanya juu wenye urefu wa mita 100 huchukua lita 36,000. Mifereji tisa huchukua lita 324,000, yaani mvua yote ile ya alasiri ya Novemba na kuzidi. Katika hekta moja yenye mita 100 kila upande, mifereji tisa huachana kwa mita 11 hivi. Na nafasi hiyo yatosha safu moja ya magari, mita 5, na njia ya kupitia, mita 6, mfereji wenyewe ukinyang'anya njia kiasi kidogo tu. Kwenye kingo zake hupandwa majani ya kuchuja mafuta yadondokayo kutoka kwa magari, na miti ya kivuli kama mkwaju. Maji yatakayozidi huelekezwa kwenye kijito cha mchanga, penye ukuta wa bwawa la mchanga wa namna ile ambayo Ukambani imeijua tangu miaka ya 1950, ambapo maji hujificha kati ya chembe za mchanga, jua lisiyafikie, na watu huyachota wakati wa kiangazi. Na mafundi wa kuichimba mifereji hiyo tisa hawana haja ya kuagizwa kutoka mbali: wako Masii, Mbiuni, Muthetheni na Kibauni, na majembe wanayo.