Hifadhidata Iliyojengwa na Wanafunzi wa Berkeley

Juni 1970, Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyobadili utunzaji wa kumbukumbu katika kompyuta. Wakati huo, aliyetafuta taarifa alilazimika kujua zilikohifadhiwa na kuandika programu ya kuzifuata, rekodi baada ya rekodi. Codd alipendekeza zipangwe katika majedwali. Mtumiaji aseme anachotaka, kompyuta itafute njia yenyewe.

Wapo waliolisifu wazo hilo lakini wakadai kwamba kompyuta ingelitekeleza polepole mno. Wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong, waliona ubishi huo utamalizwa kwa vitendo. Mwaka 1973 wakaanzisha mradi wa Ingres, programu ya hifadhidata iliyofuata wazo la Codd.

Mafundi wao walikuwa wanafunzi. Waliandika programu hiyo kwenye kompyuta ya PDP-11 inayotumia mfumo wa UNIX. Waliohitimu waliondoka, wapya wakaipokea kazi ilipoishia. Darasani walifundishwa nadharia ya Codd. Maabarani waliona pale inapokwama na wakatafuta dawa yake.

Ingres haikufungiwa kabatini. Ilinakiliwa kwenye kanda za sumaku pamoja na msimbo wake na kupelekwa vyuo vingine kwa ada ndogo, hivyo mwanafunzi wa mbali aliweza kuusoma na kuurekebisha. Mwaka 1977 Stonebraker na Erich Neuhold walieleza jinsi Ingres ingeweza kutawanywa katika kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa mtandao, miaka mingi kabla ya intaneti kufika majumbani.

Matunda yalienea. Robert Epstein, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa Ingres, alishiriki kuanzisha kampuni ya Sybase mwaka 1984, na kutokana na programu ya Sybase ikazaliwa SQL Server ya Microsoft. Mwaka 1986 Stonebraker alianza mradi mwingine, Postgres. Mwaka 1994 wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliuwezesha kuelewa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata taarifa, na mwaka 1996 ukapewa jina la PostgreSQL. Tangu hapo wataalamu wa nchi mbalimbali wanauendeleza kama programu huria.

Kazi hiyo imefika kwetu. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ulioundwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, huhifadhi data katika PostgreSQL. Takwimu za zahanati zinategemea msingi uliowekwa na vijana waliokuwa bado masomoni.

Vyuo vyetu vina cha kujifunza hapa. Mwanafunzi anayekariri amri za SQL ili afaulu mtihani amepata nusu ya somo. Apewe mfumo halisi aufungue, aubomoe, aujenge upya. PostgreSQL ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Wahadhiri, wapeni vijana kazi hiyo.