Jina la Mganga: Dawa za Asili katika Njia ya Misafara, kutoka Kwihara hadi Mahale

Karibu na mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, pamehifadhiwa tembe alimoishi David Livingstone mwaka 1872. Stanley alimwacha hapo mwezi Machi, naye akakaa hadi Agosti akiwangoja wapagazi kutoka pwani. Wanaolizuru tembe hilo husimuliwa habari za safari, pembe na utumwa. Leo napenda tulitazame kwa upande wa dawa.

Miaka mitano kabla, Januari 1867, watu wawili wa msafara wake walitoroka na mizigo, likiwamo sanduku la dawa. Livingstone aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kufa. Alichokosa hasa ni kwinini. Nayo kwinini asili yake ni gome la mti wa milima ya Andes, lililotumika huko kutibu homa tangu karne ya 17, kabla wakemia wa Kifaransa Pelletier na Caventou hawajatenga kiini chake mwaka 1820. Tunayoiita dawa ya kizungu ilianza kama mitishamba ya watu wengine.

Njia iliyopita Tabora kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa na matabibu wake. Kwa Wanyamwezi mganga huitwa mfumu, na misafara haikuondoka bila dawa zake. Katika Unyamwezi na Usukuma kulikuwa pia na Buyeye, chama cha mafundi wa nyoka, ambacho Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1946. Dawa za sumu ya nyoka zilitunzwa ndani ya chama, na mtu hakufundishwa asipoingizwa rasmi. Kwa hiyo si kweli kwamba maarifa haya yalikuwa yamezagaa porini yakisubiri kuokotwa. Yalikuwa na wenyewe.

Wenyewe hao ndio waliofutwa katika maandishi. John Kirk, ambaye akiwa Zanzibar alihusika kumpelekea Livingstone mahitaji, alikuwa pamoja naye katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Huko alikutana na sumu ya mishale itokanayo na mmea wa Strophanthus. Mswaki wake uligusana na sumu hiyo, na alipoutumia aliona mapigo ya moyo yakipungua. Mmea ulifikishwa Edinburgh, ambako Thomas Fraser aliuchunguza, na ikapatikana strofanthini, dawa ya moyo. Kirk na Fraser wamo vitabuni. Wawindaji waliojua mmea upi, na kiasi gani kinaua, hawana jina.

Sasa tufike mwisho wa njia ile ile, ziwani. Kusini mwa Ujiji ipo milima ya Mahale, nchi ya Watongwe, ambako watafiti wa Kijapani walianza kuwachunguza sokwe mtu katika miaka ya 1960. Novemba 1987, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mwenye elimu ya dawa za kwao, walimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, mlegevu, hali vizuri. Walimwona akivunja tawi la mjonso, ambao kwa jina la kitaalamu ni Vernonia amygdalina, akamenya gome, akatupa majani, akatafuna kiini kichungu na kumeza maji yake. Siku iliyofuata alionekana kupata nafuu. Seifu ndiye aliyeeleza kuwa Watongwe nao hutumia mti huo kwa homa na maradhi ya tumbo. Ni yeye pia aliyesimulia jinsi babu yake alivyojifunza dawa ya kuhara damu kwa kumtazama nungunungu mgonjwa akila mizizi ya mulengelele.

Sokwe mmoja kupata nafuu si uthibitisho. Wakemia Koshimizu na Ohigashi waliupeleka mjonso maabara, na matokeo yanapaswa kusomwa na kila anayedhani kwamba cha asili hakina madhara. Vernodalini, dutu yenye sumu, ilipatikana kwa wingi katika majani na gome, yaani sehemu zile zile alizotupa Chausiku. Mti ni mmoja, lakini sehemu moja yaweza kusaidia na nyingine kudhuru. Mganga mzoefu anajua tofauti hiyo. Anayenunua unga usio na lebo mnadani hawezi kuijua.

Makala ya kwanza kuhusu tukio hilo, ya mwaka 1989, ina waandishi wawili: Huffman na Seifu. Hapo ndipo Mahale inapoachana na Zambezi. Mwenye maarifa aliandikwa kuwa mtafiti.

Taifa letu halikukaa kimya. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na leo ni taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusajili waganga, baada ya miongo mingi ya kuishi chini ya sheria ya uchawi ya mwaka 1928. Lakini kumsajili mganga si sawa na kumtambua kuwa mshirika wa utafiti. Mwanafunzi anayekwenda Sikonge au Urambo na daftari, akarudi na majina ya miti 40 na shahada, amwachie nini aliyemfundisha? Afisa anayetoa kibali cha utafiti aulize swali hilo kabla ya kugonga muhuri.

Na aulize pia habari za miti yenyewe. Miombo ya Tabora inakatwa kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, na mti unaochimbwa mizizi kwa pupa hufa. Livingstone alipoteza sanduku moja la dawa akaona kifo. Sisi twalichoma la kwetu tanuri baada ya tanuri, na wanaojua kilichomo wanazeeka bila kuandikwa.