Kompyuta Moja kwa Darasa Zima: Dartmouth, 1964

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa ghali mno, na kazi ya mmoja ilingoja ya mwenzake imalizike. Huko Dartmouth, Marekani, walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitaka kila mwanafunzi aitumie, hata yule wa fasihi. Mashine nyingi hazikuwezekana. Basi waligawa muda wa ile moja, kila mtumiaji akahudumiwa kwa zamu. Programu ya mgawanyo huo iliandikwa na wanafunzi wenyewe, jambo lililotiliwa shaka na waliopima ombi la msaada wa fedha. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, taipureta mbili zilizounganishwa na kompyuta hiyo zilijibiwa pamoja, kwa lugha mpya iliyoitwa BASIC.