Mlango wa Kigoma ulifunguliwa namna mbili

Wandugu, kwa mukutano wetu hapa Mikelenge tulibishana tena: Tanzania ilitupokea vizuri ao vibaya? Wazee wenye walikimbia vita ya 1964 wanasema vizuri. Vijana wenye walikomalia Nyarugusu wanakatala. Mimi naona wote wanasema kweli, juu hawakuvuka wakati mumoja.

Wakati wa Nyerere, sheria ya wakimbizi ya 1965 ilikuwa kali kwenye karatasi, lakini wakimbizi wengi walipewa mashamba, wakalima, wakauza mavuno yao.

Kisha ikakuja 1994. Mwisho wa mwezi wa 4, Wanyarwanda karibu 250.000 walivuka Rusumo kwa saa 24 tu. Inchi gani haiwezi kuogopa? Mwaka wenye ulifuata, Tanzania ikafunga mpaka na Burundi. Sisi tulivuka ziwa nyuma ya pale, 1996. Tulipokelewa, ndiyo, lakini ndani ya kambi. Sheria ya 1998 ikakaza: kutoka kambi bila ruhusa ni kosa. Mama anaenda kutafuta kuni, roho inadunda juu ya polisi.

Mashua za kurudisha watu, Kigoma mpaka Baraka, zilianza 2005. Watoto wetu walifika na karatasi ya kambi tu, na ofisi moja ya hapa ikawauliza kama ni Wakongomani kweli. Ile karatasi musiitupe! Iko na majina ya wazazi. Muilete kwa mukutano wenye unakuja, tutafanya kopi.