Kutoka Merikani Hadi Polista: Nguo Zetu na Hewa Tunayovuta



Vumbi la ndani lina nyuzi nyingi za nguo. Zamani nyuzi hizo zilikuwa za pamba. Leo zimechanganyika na plastiki, na sehemu ya plastiki hiyo inatoka kwenye nguo tulizovaa. Tuitazame historia yake, kwani inatuhusu sisi tunaoshona na nyinyi mnaoshonesha.

Bibi zetu walivaa pamba. Merikani ililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, na jina likabaki hilo. Kanga zilizofuata nazo zilikuwa za pamba. Nguo ikichakaa ilikatwa nepi, ikawa tambara la jikoni, mwisho ikaoza ardhini.

Mwaka 1935 Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont, Marekani, alitengeneza nailoni. Mwaka 1941 Waingereza John Rex Whinfield na James Tennant Dickson wakavumbua uzi wa polista. Asili yake ni mafuta ya petroli. Haujikunji ovyo, hukauka upesi na bei yake ni nafuu, ndiyo maana satini, shifoni na krepu nyingi za abaya na shela leo ni polista.

Dalili za mwanzo zilionekana kwa wafanyakazi. Miaka ya 1990, madaktari wa Rhode Island, Marekani, walieleza maradhi ya mapafu kwa watu wa kiwanda kilichotumia nyuzi za nailoni zilizokatwa vipande vidogo sana, kutengeneza vitambaa mfano wa mahameli.

Mwaka 2004 Richard Thompson wa Plymouth, Uingereza, na wenzake waliandika juu ya chembe ndogo za plastiki baharini. Mwaka 2016 watafiti wa Paris walionesha kuwa nyuzi hizo huanguka pia kutoka angani: kati ya nyuzi walizokusanya juu ya mapaa, 29 kwa kila 100 zilikuwa na plastiki. Mwaka uliofuata walikuta ndani ya nyumba zipo nyingi kuliko nje. Mwaka 2019 chembe zikapatikana kwenye milima ya Pyrenees, mbali na miji. Na mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walipima vipande 13 vya mapafu ya watu walio hai. 11 vilikuwa na plastiki, na mojawapo ya zilizoongoza ni PET, yaani ile ile ya polista.

Hatuyasemi haya kutishana. Haijathibitishwa kuwa kuvaa polista kunamletea mtu maradhi. Lakini mwili ni amana, na mapafu hayana cherehani ya kuyarekebisha.

Basi tufanye nini? Uchunguzi wa 2020 ulionesha kuwa nguo ya polista humwaga nyuzi hewani hata ikivaliwa tu, na kwamba kitambaa kilichofumwa kwa kubana humwaga kidogo. Biarusi akienda dukani ashike kitambaa, akivute, akitazame kwenye mwanga. Nguo za kila siku na za kulalia zichaguliwe za pamba. Nayo hutoa vumbi, lakini huoza. Shela la siku moja liazimwe au likodiwe, kwani israfu tumekatazwa hata katika furaha. Nyumbani tufungue madirisha, na tupige deki kwa tambara bichi badala ya kutimua vumbi kwa ufagio mkavu. Mafundi tuvae barakoa tunapokata, na tusichome mabaki ya polista, maana moshi wake una madhara na unarudi kwetu.

Stara ni wajibu wetu, na twahara ni katika imani yetu. Hewa safi ya nyumba atakayoingia biarusi nayo ihesabiwe humo.

Allah awajaalie ndoa zenye kheri na afya. Amin.