Sitokini na upungufu wa kinga wa kurithi

Bandari ya Bujumbura hupokea shehena kutoka Kigoma na Mpulungu, kunakosomeshwa kwa Kiingereza, na ng'ambo ya ziwa iko Uvira, kunakosomeshwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo hapa protini moja ina majina mawili. Daktari aliyesoma kwa Kifaransa husema sitokini, mwenzake wa Dar es Salaam husema saitokini. Istilahi yenyewe ilibuniwa na Stanley Cohen mwaka 1974. Mimi nimechagua sitokini kwa kuwa ni fupi, na biolojia na baiolojia zimekaa pamoja miaka yote bila ugomvi.

Sitokini ni protini ndogo inayotolewa na seli moja kuiamuru nyingine ikue, igawanyike, itulie au ife. Gatini kreni haishushi saruji hadi ishara itolewe; seli nayo husubiri sitokini inase kwenye kipokezi chake.

Seli changa hutoka kwenye uboho na kuingia thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, zikaive kuwa seli T. Huko interlukini-7 ndiyo inayoziwezesha kuishi na kuongezeka. Kipokezi chake kina kipande kiitwacho mnyororo wa gama, nacho hutumiwa pia na interlukini 2, 4, 9, 15 na 21. Jeni ya kipande hicho, IL2RG, iko kwenye kromosomu X. Mwaka 1993 ilithibitika kuwa ikiharibika huleta upungufu wa kinga wa kurithi: ishara zote sita hukatika. Seli T hazipatikani, na seli B, ingawa zipo, hazina wa kuzisaidia kutengeneza kingamwili zinazofaa.

Wanaougua ni hasa wavulana; mama mwenye jeni hiyo iliyoharibika huwa mzima. Mtoto huzaliwa akionekana hana neno, kisha baada ya miezi michache huja utando mweupe mdomoni, kuhara kusikokoma, nimonia. Hata BCG, chanjo yenye bakteria hai waliodhoofishwa, inaweza kumwenea mwilini. Lakini hali hii ni adimu mno, na mzazi asiikimbie chanjo inayowakinga watoto wengi.

Tatizo la jina liko penye "upungufu wa kinga". UKIMWI ulishalitwaa, ukimtajia mama maneno hayo, anasikia virusi na aibu. Kwa hiyo tuandike kikamilifu: upungufu mkali wa kinga wa kurithi. "Wa kurithi" lisiachwe hata kwenye kichwa cha habari, maana ndilo linalotenganisha jeni na maambukizi. Tiba ipo, nayo ni kupandikiza uboho, na huwafaa zaidi watoto wanaowahiwa kabla maambukizi hayajawavamia.

Wauguzi, mkimwona mvulana mchanga mwenye dalili hizo na kipimo cha virusi vya UKIMWI hakina kitu, muulizeni mama kama ana kaka au wana waliofariki wakiwa wachanga.